Mpima Bahari Alipofika Iyunga

Kijiwe chetu kiko Iyunga, kando ya barabara kuu ya kwenda Tunduma, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza simu na redio. Ni benchi moja refu la mbao, magogo mawili ya kukalia, na jiko la mkaa la Muharami na birika lake. Muharami tunamwita Pwani kwa sababu babu yake alitoka Kilwa, ingawa yeye kazaliwa Mbalizi na bahari kaiona kwenye kalenda. Zabron, dereva wa malori ya Zambia, tunamwita Injekta, kwa kuwa akianza kusema hazimiki. Sosthenes ni Mpunga: nyumba yake iko mtaa wa nyuma, shamba lake la mpunga liko Ubaruku, huko Mbarali. Mimi ni Fundi tu. Asubuhi za Novemba ukungu unakuwa bado umelalia mabati, watu wamejifunika makoti, wanashika vikombe kwa mikono miwili, na hapo ndipo maneno yanapoanza.

Siku hiyo nilikuwa nimemaliza kurekebisha redio ya mteja. Nikaiwasha kuijaribu, ikaangukia taarifa ya msimu. Mtangazaji akasema joto la bahari limepimwa, na kutokana na vipimo hivyo mvua za mikoa yetu zinatarajiwa kuwa hivi na hivi.

— Zima hiyo kitu, akasema Sosthenes.

— Ngoja nisikie spika.

— Fundi, nimekuomba. Zima.

Nikazima. Tulijua sababu. Mwaka uliopita redio ilisema bahari imepoa, mvua zitakuwa haba. Sosthenes akakodi shamba la bondeni, karibu kabisa na mto, akisema kwenye mwaka wa ukame maji yatapatikana huko tu. Mkewe, Bertha, alikataa. Alisema bonde lile halimkai moyoni. Sosthenes akamwambia wataalamu wamepima bahari nzima, yeye amepima nini? Wakapanda. Mwezi wa tatu mto ulivunja kingo, ukabeba mpunga wote uliokuwa umeanza kuinamisha vichwa. Baada ya hapo Bertha alifunga mizigo akarudi kwao Kalenga, na kila tulipomuuliza Sosthenes, alijibu neno lile lile: maji yalikuja ghafla, hakuna aliyemwambia.

— Mimi hizo habari za kupima bahari siziamini, akaanza Zabron. Nani anapima? Umewahi kumwona?

— Meli, akasema Muharami. Meli zikipita zinapima.

— Ndiyo maana siamini. Sisi kwenye lori tunatakiwa tukague matairi kila tunapolala. Unajua tunakagua wapi? Hotelini, kwenye sahani ya wali. Unaandika tairi zote safi, unaendelea kula. Na hapo tajiri yuko Mbeya hii hii. Sasa mtu yuko katikati ya maji, hakuna askari, hakuna tajiri, atapima nini?

— Atapima usingizi, akasema Muharami, akamwongezea kahawa.

Sosthenes hakucheka. Alikuwa amepungua tangu Bertha aondoke. Koti lilimkaa kama la kuazima.

Wakati huo akaja Andendekisye. Huyu ni kijana wa Tukuyu, mrefu, dada yake anauza mitumba hapo juu. Tulijua anafanya kazi mbali na anakuja nyumbani mara moja kwa mwaka, lakini kazi yenyewe hatukuwahi kumuuliza. Aliniletea simu iliyopasuka kioo.

— Imeangukia wapi? nikamuuliza.

— Kwenye ngazi ya chuma. Melini.

Zabron akageuka mwili mzima.

— Meli ipi?

— Ya mizigo. Mimi ni baharia. Tunatembea Durban, Beira, Dar, Mombasa, mpaka Uarabuni.

— Na hiyo meli yenu, akauliza Muharami polepole, inapimaga bahari?

— Inapima. Mara nyingi mimi ndiye ninayetumwa.

Sosthenes aliweka kikombe chini. Zabron akasogea, akapangusa nafasi kwenye benchi kwa kofia yake, akamkaribisha kijana akae katikati. Ukimwona Zabron anampangusia mtu benchi, ujue hataki aondoke haraka.

— Hebu tueleze taratibu, kaka. Unapimaje?

Andendekisye alifurahi kuulizwa. Nadhani nyumbani kwao hakuna aliyemuuliza.

— Afisa wa zamu ndiye mwenye kazi. Kila baada ya saa kadhaa anatakiwa atume taarifa ya hali ya hewa, inakwenda kwa setilaiti. Kwa maji, mimi nashusha ndoo ya turubai kwa kamba ubavuni mwa meli, naipandisha, natumbukiza kipimajoto, nasoma.

— Ndoo, akasema Zabron.

— Ndoo.

— Bahari yote ile, ndoo moja.

— Ndoo moja kila mara. Na inabidi usome haraka, maana ukichelewa upepo unayapoza maji na unapata namba ya chini.

Sosthenes aliinua kichwa.

— Rudia hapo.

— Ukichelewa, inasoma chini kidogo. Ndiyo maana meli nyingi siku hizi hazitumii ndoo. Zinasoma kwenye bomba linaloingiza maji ya kupoza injini. Ila hilo nalo, kwa sababu liko chumba cha mashine, linasoma juu kidogo.

— Basi hapo mnapima injini, akasema Zabron. Mnapima injini halafu mnasema bahari. Pwani, umesikia?

— Nimesikia. Na upepo je?

— Kuna kifaa juu ya mlingoti. Lakini meli yenyewe inatembea, kwa hiyo na yenyewe inatengeneza upepo wake, inabidi uutoe. Wengi wetu tunaangalia mawimbi. Wimbi likianza kuvunja povu jeupe, tunajua upepo umefika kiasi fulani.

— Na usiku?

— Usiku unasikiliza. Unakisia.

— Anakisia, Sosthenes akatuambia sisi, kama hatukusikia.

Andendekisye akaona benchi limebadilika. Alijaribu kurekebisha.

— Siyo meli moja, mzee. Ni meli nyingi, na maboya ya kupimia, na setilaiti. Wataalamu wanachanganya zote, wanajua ndoo inakosea upande gani na bomba linakosea upande gani.

— Maboya nayajua, akasema Muharami. Mjomba wangu yuko Lindi. Boya likiwekwa, samaki wanajikusanya chini yake. Wavuvi wanakuja wanafunga vyombo vyao hapo hapo, wanavuta, wanapika, wanamwaga maji ya kuoshea sufuria. Sasa lile boya linatuma habari ya nini? Linatuma habari ya mchuzi.

— Hilo dogo, akasema Zabron. Mimi naona kitu kingine. Mpunga wa Mbarali ukikosekana, nani anapata? Anayeleta mchele wa nje. Na mchele wa nje unakuja na nini? Unakuja na meli. Na meli ndiyo nani? Ndiyo hao hao wanaopima. Mtu yule yule anakuuzia mchele na anakwambia usilime.

Nilisema hapo alikuwa ameruka mbali. Akaniambia mimi ni fundi wa spika, nisikilize tu.

— Na wakitaka ipoe kweli wanaweza, akaendelea. Zipo meli kubwa za samaki, ndani barafu tupu. Wanatangulia mbele, wanamwaga barafu. Huyu kijana anakuja nyuma na ndoo yake, kwa moyo safi kabisa, anachota maji ya barafu. Hata yeye hajui kama ametumika.

— Barafu kiasi gani ya kupoza bahari? nikauliza.

— Siyo bahari yote. Ni pale kwenye ndoo.

Muharami alicheka mpaka akakohoa. Andendekisye naye akacheka, na akataka kuinuka aniulize bei ya kioo, lakini Sosthenes alimshika mkono. Hakumshika kwa nguvu. Alimshika kama mtu anayetaka kuulizia njia.

— Mwaka jana mwezi wa kumi ulikuwa wapi?

— Baharini.

— Upande gani?

— Tulitoka Beira tunapanda Mombasa.

— Ulishusha ndoo?

— Nilishusha, mzee. Kila zamu yangu.

— Ikasemaje?

Kijana akatutazama mmoja mmoja.

— Maji yalikuwa baridi kuliko nilivyozoea. Hata afisa hakukubali, alinirudisha nikashushe tena. Yakawa yale yale.

— Basi ni wewe, akasema Sosthenes.

Lori lilipita likipanda kuelekea Tunduma, tukasubiri limalize. Halafu Sosthenes akamsimulia shamba la bondeni, redio, mto, mpunga. Alisimulia bila kupandisha sauti. Alipofika kwenye mkewe kuondoka, akanywa kahawa iliyokwisha kupoa.

— Mwaka mzima natafuta mtu, akasema. Redio ukiipigia simu wanakwambia wao wanasoma tu walicholetewa. Ofisini wanakwambia utabiri ni utabiri. Hakuna mtu. Leo umekaa hapa. Sikudai kitu, kijana. Nataka jambo moja.

Akatoa simu yake, akafungua sehemu ya kurekodi sauti.

— Sema tu kwamba ulikosea. Sema jina lako, sema wewe ndiye uliyepima bahari, na kwamba ndoo ilikosea. Nimtumie mke wangu, mama Edmund. Akisikia kwa sikio lake ataelewa kwamba nilidanganywa kama mtu mwingine yeyote.

Simu ilikuwa kati yao.

— Sema kaka, akamnong'oneza Zabron. Ndoa ya mtu hiyo. Hutopungukiwa.

— Siwezi, akasema Andendekisye.

— Kwani ndoo haikosei? Si umesema mwenyewe?

— Inakosea. Inaweza kukosea. Lakini siku zile niliyashika yale maji kwa mkono. Yalikuwa baridi. Nikisema yalikuwa moto nitakuwa nimekosea kweli.

— Mimi nilipoteza shamba.

— Pole, mzee. Pole sana. Mimi nilipima bahari ya pale tulipokuwa. Huo mto wako sikuupima.

Sosthenes hakurudisha simu mfukoni. Aliendelea kuishika, inarekodi, inahesabu sekunde.

— Kamwene, sauti ikatusalimu nyuma yetu.

— Kamwene, tukajibu wote kwa mazoea, ndipo tukageuka.

Alikuwa Bertha. Amevaa sweta la kijani na kitenge kiunoni, begi dogo begani, viatu vina vumbi la safari. Alikuwa amesimama kwenye kona ya kibanda changu, na kwa jinsi alivyoegemea ule ukuta wa mabati, hakuwa amefika dakika ile. Nilimpa kiti changu. Akashukuru, hakukaa.

— Shemeji, karibu kahawa, akasema Muharami.

— Asante Muharami. Nimepita nyumbani sijamkuta mtu. Nimekuja kuchukua majembe yangu na bomba la kupulizia dawa. Nimepata shamba Ubaruku, la juu, kule karibu na mashine ya kukoboa. Nataka niwahi kusia mbegu.

Sosthenes alikuwa amesimama.

— Mama Edmund. Huyu kijana ndiye…

— Nimemsikia.

— Anapima bahari. Anasema mwenyewe ndoo inakosea.

— Nimesikia yote, baba Edmund. Na ya barafu nimesikia.

Zabron akatazama viatu vyake.

Bertha alishusha begi, akaliweka juu ya gogo. Hakuwa na hasira, au kama alikuwa nayo ilikuwa imekaa mahali pake siku nyingi. Alimgeukia Andendekisye kwanza.

— Mwanangu, wewe usisumbuke. Hakuna aliyekukosea heshima hapa kwa kutaka. Wanatafuta tu.

Kisha akatugeukia sisi.

— Aliwaambia maji yalikujaje?

Nikajibu mimi.

— Alisema yalikuja ghafla, shemeji. Kwamba hakuna aliyemwambia.

Alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyekuta chumvi imezidi kidogo kuliko alivyodhani.

— Asubuhi ile nilikuwa shambani, mimi na mdogo wangu Frida. Nikaona maji yamepanda, yamefika kwenye tuta la pili. Nikampigia simu. Nilimwambia baba Edmund, mto unakuja, tutafute vijana tukate tunachoweza, au angalau utume mtu atutoe. Alikuwa hapa. Nilisikia vikombe. Akanijibu haiwezekani, mwaka huu hauna maji, wamepima. Nikapiga tena maji yakiwa magotini. Akasema nimezoea kuogopa. Ya tatu hakupokea. Mimi na Frida tulishinda juu ya kichuguu mpaka jioni, mtu wa mtumbwi akatuona.

Nilijaribu kuikumbuka asubuhi hiyo. Niliikumbuka. Sosthenes alikata simu akatuambia mkewe anaona mafuriko kwenye ukame, na tulicheka. Mimi pia nilicheka. Muharami alikuwa akipangusa kikombe kilichokwisha kukauka.

— Mimi nilikuwa nalala kule Kalenga nauliza swali moja tu, akaendelea Bertha. Nimekuja nalo kwenye basi. Naomba unisaidie, na hawa ndugu zako wakiweza wakusaidie. Huyu kijana hukuwahi kumwona. Hukujua jina lake, hukujua kama ana ndoo au hana, kama amelala au yuko macho. Ulimwamini. Mimi ni mkeo, nilikuwa nimesimama ndani ya maji, nakwambia ni maji. Kwa nini mimi hukuniamini?

Tulimtazama Sosthenes. Nilimwona akitafuta, kweli akitafuta, siyo kutunga. Zabron, ambaye kwa kila kitu kilicho chini ya jua ana maelezo, alikuwa ameshika magoti yake. Mimi nilikuwa na bisibisi mkononi na sikujua ya nini.

— Sijui, akasema Sosthenes.

— Hujui.

— Sijui, mama Edmund. Ningekuwa najua ningekuwa nimeshakuja Kalenga kukwambia.

Bertha akamgeukia Andendekisye, akamuuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kujua tu:

— Wewe ukipeleka habari kule kwenye meli, hawakukatalii?

— Wananikatalia, mama. Kapteni wetu haniamini kabisa.

— Halafu anafanyaje?

— Anatoka nje anaangalia.

Bertha akaokota begi lake. Akasema kuna Coaster ya kwenda Rujewa saa si nyingi, na huko atapata usafiri wa Ubaruku. Sosthenes akamuuliza kama anaweza kumbebea bomba la dawa. Akajibu bomba ni zito, anayetaka kubeba abebe. Wakaondoka wamepishana hatua kadhaa, yeye mbele, mume nyuma, wakikata kona ya kwenda nyumbani kwao. Simu ya Sosthenes ilikuwa bado inarekodi. Nilimkimbilia nikamwambia, akaizima, na sijui kama aliwahi kusikiliza kilichomo.

Benchini hakuna aliyeketi vizuri tena. Andendekisye alilipia kioo akaenda zake kwa dada yake, na wiki iliyofuata alirudi kazini. Zabron akasema kwa unyonge kwamba hata yule mtu wa mtumbwi, akimfikiria, alitokea wakati mzuri mno. Muharami akamwambia anywe kahawa yake.

Sosthenes hajarudi kijiweni. Anaishi Ubaruku sasa. Zabron, ambaye hupita Igawa, njia panda ya kwenda Ubaruku, na lori lake, anasema ameambiwa wanalima pamoja lakini mume analala kwenye kibanda cha kulindia ndege, na kwamba kuna kitu hapo hatuambiwi. Mimi sijui. Ninachojua ni hiki: mwezi wa kwanza, mvua zikiwa zimeshika kweli kweli, Sosthenes alinipigia kuuliza kama betri ya simu yake ya zamani bado inapatikana. Tulikuwa katikati ya kupatana bei. Kwa mbali nikasikia sauti ya Bertha, imekatwakatwa na upepo, ikimwita, ikisema mfereji wa juu unajaa.

Sosthenes hakuniaga. Hakukata hata simu. Nilibaki nimeishikilia sikioni pale kibandani, namsikia akikimbia, miguu ikikanyaga maji.